Jino Moja la Bakuli la Kimarekani

Nilikuwa mwaka wa nne katika karakana moja ya mtaa wa Al Baraha, Uarabuni, nikichora kwa mashine majina ya washindi kwenye vikombe vya kioo, siku bibi mmoja wa Kizanzibari alipoingia amekumbatia taulo.

Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akafungua taulo mezani. Ndani mlikuwa na bakuli la kioo, zito ajabu, limechongwa nyota tupu kuanzia kitako hadi kwenye meno ya ukingo.

"La Marekani hili, la zamani sana," alisema. "Jirani yangu Mmarekani alilirithi kwa wazee wake. Alipohama akaniachia. Juzi nimeligonga bombani, jino limevunjika. Kuna fundi anataka kusaga ukingo wote uwe sawa. Waonaje, mwanangu?"

Nililiinua dirishani, ukuta mzima ukajaa vipande vya mwanga. Nikapitisha kidole kwenye mikato. Aliyelichonga alilishika kwa mikono miwili, akalikandamiza kwenye gurudumu la jiwe linalozunguka, maji yakimchuruzika hadi viwikoni. Nyota moja ilikuwa imekwenda upande kidogo. Niliipenda kuliko zote. Mimi nikikosea, kompyuta hufuta kabla kioo hakijaguswa.

"Tusisage ukingo, bibi. Nitalichonga jino hilo peke yake. Litakuwa fupi kuliko wenzake."

"Na likipasuka?"

"Linaweza kupasuka. Sikufichi."

Alilisukuma bakuli upande wangu. "Haya. Bismillahi."

Arbab wetu, mwenye karakana, alikuwa na gurudumu dogo la mkono ambalo halikutumika tena. Alinipa siku mbili nijizoeze kwenye bilauri mbovu. Nilivunja sita. Siku ya tatu, asubuhi, nikalishika bakuli lenyewe. Nilikata kidogo, nikafuta, nikatazama, nikakata tena. Kufika adhuhuri mabega yalikuwa yakiniuma, na jino lilikuwa limetoka: fupi, lakini kali na lenye kung'aa.

Bibi aliporudi alipitisha kidole gumba ukingoni, taratibu, mpaka akalifikia.

"Ni hili?"

"Ndilo."

"Basi sasa nina kazi yako na ya yule mchongaji wa kwanza," akasema, akalifunga bakuli kwa taulo lake.

Siku hizi saa ya chakula hubaki karakanani nikichonga nyota kwenye bilauri mbovu. Bado sijapata hata moja iliyonyooka kama zile za bakuli la bibi.