Kisanduku cha Risasi Alicholeta Mkwe

Nilikuwa mtunza stoo wa hoteli kule Diani kwa miaka mingi, na kazi ile iliniharibu. Nikipewa kopo nalibonyeza, nikipewa samaki namfunua mashavu, na nikipewa salamu tamu kupita kiasi najiuliza mwenye kuitoa anataka nini. Mume wangu husema hata chumvi ninaishuku. Na aseme.

Yeye ni mfanyabiashara wa korosho. Alipovamiwa mara ya pili njiani Lunga Lunga, aliomba leseni akapewa bastola. Risasi alikuwa akizinunua dukani kwa hati, zote zinang'aa na zote ni sawasawa. Kisha siku moja mkwe wetu, mume wa binti yetu wa pekee, akaja kwetu Msambweni na kisanduku mkononi.

"Shikamoo baba. Nimekuletea zawadi ndogo, tafadhali usiikatae. Kuna fundi huokota maganda ya risasi zilizokwisha kupigwa, akayatia baruti mpya na kichwa kipya. Wallahi, ni kama za dukani."

"Marahaba mwanangu. Ahsante sana."

Mume wangu akakipokea kwa mikono miwili. Kitu kisicho na muhuri wala jina la aliyekitengeneza! Wala hakuuliza kama sheria inaruhusu.

Walipokwenda kuswali alasiri nilikifungua, nikazipanga risasi mezani. Tatu zilikuwa fupi kuliko nyingine, vichwa vimezama ndani. Ganda moja lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Nikatikisa moja karibu na sikio, nikasikia baruti ikicheza ndani. Nyingine ilikuwa kimya kabisa: ama imejaa pomoni, ama haina kitu.

Lakini binti yetu alikuwa amekwisha kurudishwa nyumbani mara moja na sanduku lake la nguo, kwa sababu ya neno nililolisema mimi juu ya ukoo wa mumewe. Kwetu zawadi ya mkwe haikataliwi, tena hutumiwa mbele yake, aone kwamba imependwa. Niliogopa kumrudisha mwanangu mara ya pili. Nikazirudisha kisandukuni, nikaenda kukuna nazi.

Asubuhi yake mume wangu alizipachika risasi bastolani nyumbani, msimamizi wa uwanja wa shabaha asije akauliza maswali. Nikafuatana na yeye na mkwe hadi uwanjani. Hawakunialika, ila moyo ulikataa kukaa.

Risasi ya kwanza ililia vizuri. Ya pili ikatoa mlio mdogo, kama soda inayofunguliwa, na kwenye karatasi ya shabaha halikuonekana tundu jipya. Mume wangu akamtupia mkwe jicho, akatabasamu ili asimtahayarishe.

"Hii imelia taratibu tu," akasema, akainua mkono tena.

"Usifyatue!" nilipiga ukelele. "Zimejazwa vibaya!"

Msimamizi akarukia ule mkono. Aliitoa ile bastola risasi zote, akapitisha ufito ndani ya mtutu, ukakwama katikati. Baruti ilikuwa haba, akasema, na kichwa cha risasi kimebaki humo ndani. Ya tatu ingekikuta pale, na mtutu ungempasukia mume wangu mkononi, mbele ya uso wake.

Mkwe alichuchumaa pale pale. "Sikujua, baba. Wallahi sikujua." Nilimkagua uso nikitafuta uongo, nikaukosa. Mume wangu hakuwa akimsikiliza. Alikuwa akinitazama mimi.

"Umejuaje kwamba zimejazwa vibaya?"

"Nilizikagua jana, mlipokuwa msikitini."

"Ukaona?"

"Niliona."

Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Binti yetu bado yuko kwa mumewe, anaishi vyema, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Ila siku hizi nikimwekea mume wangu chai mbele yake, hungoja kwanza mimi ninywe. Nami nakunywa.