Bata Aliyekuwa Akifa Nyumbani Kwetu

Mama Esnah, jirani yetu, aliingia na kisu mkononi.

"Bata yuko wapi? Si mumchinje haraka, anateseka!"

Hakukuwa na bata. Ilikuwa ni mimi, Dorine, na oboe yangu, ala ya kupuliza kama zumari.

Nilikuwa nimemaliza digrii ya muziki, nikarudi kwa baba huku Kimulot, kwenye nyumba za wafanyakazi wa majani chai. Okestra moja Nairobi ilitaka mpiga oboe mmoja. Kazi ya mshahara. Majaribio Jumamosi.

Shida yangu ilikuwa kuanza noti. Oboe hupulizwa kupitia ridi, vipande viwili vyembamba vya mwanzi vilivyofungwa pamoja. Nikianza polepole, upepo mtupu. Nikikaza, kwaaak!

Sikutulia. Nilipika na ridi mdomoni. Nilifua na ridi mdomoni. Usingizi ukanihama.

Jumatano nikampelekea baba chakula kiwandani. Kazi yake ni kuonja chai. Alivuta chai kwenye kijiko, fyuuu, kisha akatema kwenye ndoo.

Tfu!

Mstari mmoja. Safi. Hakuna tone pembeni.

Nikaganda na hotpot yangu kama nimepigwa shoti.

"Baba, unafanyaje hivyo?"

"Kutema?" Akacheka. "Mama, usisukume na ulimi. Ulimi ni mlango tu. Funga, jaza pumzi nyuma yake, halafu fungua."

Siku mbili nilitema chai baridi nyuma ya nyumba, kisha nikashika oboe.

"Sasa bata ameanza kutapika?" Mama Esnah akauliza, akianika nguo.

Jumamosi nikapanga karatasi zangu nane za muziki mbele ya Madam Nyaberi, mkuu wa okestra. Akazifunika zote.

"Nipe A moja tu."

"Moja?"

"Okestra nzima hupatanisha ala zake na noti hiyo ya oboe. Ukianza vibaya, sote tumepotea."

Ulimi kwenye ridi. Pumzi. Nikangoja ijae.

Nikafungua mlango.

Sauti ikatoka nzima.

"Tena."

Mara kumi. Zote safi.

Niliporudi, habari kwamba nimepata kazi ilikuwa imenitangulia kwa simu, na Mama Esnah alikuwa mlangoni na sufuria ya nyama ya bata inayofuka mvuke.

"Nilijua tu kuna bata atachinjwa hii nyumba!"

Wewe unayehangaika kuanza jambo, nisikilize. Nilidhani nimekosa nguvu. Kumbe nilikuwa sijangoja pumzi ijae.