Wanamaji wa Kreta

Yako mafuta ambayo wageni hujipaka ili jua lisiwachome. Nikiyanusa leo, hata nikiwa kwenye foleni benki, namwona Shangazi Paskalina akishuka kwenye lori kutoka Ngorongoro na kikapu chake. Shangazi alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja ya pale ukingoni mwa kreta. Vitu walivyoviacha wageni vyumbani, ambavyo meneja hakuvitaka, aliviokota akatuletea kijijini kwetu Endamarariek: vipande vya sabuni, soksi moja moja, na magazeti yaliyonuka mafuta yale. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema, huku akitugawia.

Siku moja alileta kitabu cha picha. Nilikuwa darasa la sita, mwaka ule baada ya vita vya Kagera. Maneno yake ya Kiingereza hatukuyaweza, lakini picha zilijieleza zenyewe. Viumbe wa kijani walikuwa wametua duniani wakichoma miji, na majeshi ya nchi moja kubwa, ya nchi kavu, ya anga na ya maji, yote na bendera zao mabegani, yalikuwa yakiwatwanga. Tulikisoma mpaka gamba likang'oka. Mimi nilikisoma kwa hasira. Ukurasa hadi ukurasa nilitafuta bendera yetu, hata ndogo, hata kwenye kona, nisiione. Kaka yangu Bura alikuwa ametoka vitani miezi michache tu iliyopita, anachechemea mguu wa kushoto. Ina maana dunia ikivamiwa, yeye ataambiwa akae nyumbani?

Basi Mwalimu Zakaria, aliyetufundisha Kiswahili na siasa, alipotuambia tuandike hadithi ya kubuni, na kwamba iliyo bora ingesomwa mbele ya wazazi siku ya kufunga shule, nilijua la kuandika. Niliwashusha viumbe wa moto ndani ya kreta ya Ngorongoro. Ziwa likachemka, na ndege heroe waliobaki hai wakaruka hadi Manyara. Wafugaji wakapandisha ng'ombe wao ukingoni. Jeshi letu la nchi kavu likateremka kwa miguu, kwa sababu barabara ile magari yalikuwa yakiishiwa breki. Jeshi la anga likatokea upande wa Oldeani. Lakini kila kiumbe aliyepigwa risasi aliwaka zaidi. Ndipo wakaitwa wanamaji. Wakaja mamia kwa mamia, ndoo na madebe vichwani, wamejipanga mstari mmoja kutoka chemchemi za msituni hadi chini kabisa, wakawamwagia viumbe wale mpaka wakazimika kama majiko.

Msicheke bado. Mwalimu alitufundisha kwamba jeshi lina nchi kavu, anga na wanamaji, akafuta ubao akaendelea na mengine. Mimi sikuwahi kuiona bahari. Wanakwaya walikuwa watu wa kwaya, wanakijiji watu wa kijiji. Kwetu mtu wa maji alikuwa ni yule anayeamka kabla ya wenzake kwenda kuyateka. Niliona ni akili sana jeshi kuwa na kikosi chake kizima cha kazi hiyo.

Daftari lilirudi limejaa wino mwekundu. Mwalimu aliniita mbele, akasema hadithi ilikuwa nzuri kuliko zote, ila nimelitukana jeshi. Wanamaji ni askari wa baharini, wana meli na mizinga, si wabeba ndoo. Niwatoe, au niwape meli. Na kwa kweli, akaongeza, mambo ya angani tungewaachia wenye roketi zao. Darasa zima liliangua kicheko. Nilisikia aibu mpaka masikioni, halafu aibu ikageuka kitu kingine.

"Mwalimu," nilisema, "hao viumbe wakitua Ngorongoro, wenye roketi watafika lini?"

Akaniambia nisahihishe hadi Ijumaa, la sivyo sitasoma mbele ya wazazi.

Nilitaka kusoma. Naomba mlielewe hilo. Mama alikuwa amekwisha kuwaambia majirani hadi kijiji cha Qurus. Jioni ile nilimpelekea Bura daftari, yeye ndiye aliyekuwa mwanajeshi, nikamwomba anifundishe meli zinavyopigana. Alisoma polepole, kidole kikifuata mistari. Alipofika kwenye ndoo kidole kikasimama. Kisha akasema kwa Kiiraqw, lugha aliyoitumia siku hizo kwa jambo zito tu:

"Wanaobeba maji usiwaguse. Niliwaona."

Akanirudishia daftari. Kwangu ilitosha. Kaka yangu amefika vitani na amewaona wanamaji. Mwalimu hajafika popote. Ijumaa nilirudisha daftari kama lilivyokuwa.

"Sijabadilisha kitu, mwalimu. Nikiwatoa hao, watu wote wanakufa."

Mwalimu Zakaria aliamini samaki mkunje angali mbichi. Adhabu ilikuwa kuteka maji nyumbani kwake wiki nzima, ndoo nne kila siku, na jina la Mwanamaji likanishika siku hiyohiyo. Nililivaa. Nilipanda kutoka mtoni kwa mwendo wa gwaride, kushoto, kulia, maji yakinimwagikia mgongoni. Siku ya tatu wasichana wawili wa darasa letu walijiunga nami, wakisema wanaenda kuteka ya kwao. Siku ya tano tulikuwa tisa, tunapiga hatua moja, na mke wa mwalimu alitoka mlangoni akatupigia saluti. Mwalimu mwenyewe alijifanya anasahihisha madaftari.

Lakini sikusoma. Siku ya kufunga shule hadithi iliyosomwa ilikuwa ya mvulana mmoja, na ndani yake majeshi ya ile nchi ya kwenye kitabu yalikuja na roketi kutuokoa. Wazazi walipiga makofi. Mimi nilikaa juu ya mikono yangu ili isije ikanisaliti. Baadaye, jikoni nyuma ya darasa, akina mama walipokuwa wakipakua makande, niliwasimulia yangu neno kwa neno. Hakuna aliyecheka. Mmoja tu aliuliza kama maji yalitosha.

Nilikuja kukubali kwamba mwalimu hakukosea maana ya neno lile miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu. Nilirudi likizo na gazeti lenye picha ya wanamaji wetu sitahani mwa meli, wamevaa nyeupe. Nikamwonyesha Bura, nikamtania: si ulisema uliwaona?

Aliitazama picha. Akasema hao hakuwahi kuwaona. Aliowaona walikuwa akina mama wa vijiji vya kule mbele, ambao hakuwajua hata kwa majina. Kikosi cha akina Bura kilikuwa kimekaa siku mbili bila maji, na wale mama waliyaleta kwa ndoo, wakipita mahali ambapo risasi zilikuwa zikipita. Mmoja alianguka. Aliyekuwa nyuma yake akaweka ndoo yake chini, akaangalia, akaona hakuna la kufanya. Akajitwisha tena, akaendelea kuja.

"Nilikunywa maji ya ndoo ile," Bura akasema.

Mimi pia ni mwalimu sasa, na kalamu nyekundu ninayo. Najua wanamaji ni akina nani, na katika mtihani nitakukosesha ukiandika vingine. Lakini daftari lile ninalo kabatini, na hao waliomo humo sijamfuta hata mmoja.