Unga Juu ya Fremu

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye mashine ya kusaga ya ushirika hapa Babati, sikupewa spana. Fundi Mkuu Elifasi alichota unga kidogo, akauweka juu ya fremu, yaani vyuma vinavyobeba injini, akaniambia, "Tazama huo, usinitazame mimi." Mimi niliishia darasa la nne, lakini kutazama nilikuweza.

Akawasha injini ya dizeli. Mwendo ulipokuwa mdogo kabisa, unga ulitulia. Alipoongeza mafuta, fremu ikaanza kutetemeka, unga ukakimbilia ukingoni. Akaongeza tena upesi, mtetemeko ukaisha.

"Kila mashine ina mwendo inaouchukia," alisema. "Huo unauvuka haraka, wakati wa kuwasha na wakati wa kuzima. Ukikaa hapo, nati zinajifungua zenyewe." Chini ya miguu ya injini alikuwa ameweka vipande vya tairi, vimeze mtikisiko. Basi kazi yangu ikawa hiyo: mkono kwenye wenzo wa mafuta, macho kwenye unga.

Ikaja ile miaka mibaya ya themanini. Sabuni foleni, sukari foleni, dizeli kwa kibali. Viatu navyo havikuwepo, Meneja Kisanga akaagiza vile vipande vya tairi ving'olewe, akatengenezewa katambuga, yeye na wanawe. Halafu akaja na amri nyingine: tupunguze mwendo, dizeli ifike mwisho wa mwezi.

"Bosi," nikamwambia, "mwendo huo ndio unaotetemesha."

Bura, mwenzangu aliyekuwa akimimina mahindi, akadakia, "Mwache huyo, bosi, anaiogopa mashine kama mkwewe!" Kina mama waliopanga foleni wakaangua kicheko.

Meneja akamgeukia Fundi Mkuu. "Inawezekana au haiwezekani?"

Fundi Elifasi akatazama fremu. Unga ulikuwa unakimbia, nami niliuona. Akaufuta kwa kiganja. "Inawezekana, bosi."

Tukasaga hivyo mpaka Ijumaa. Siku hiyo bolti za msingi zilikatika, injini ikaruka upande, mkanda ukamnasa Bura mkono ukamvuta. Hakufika hospitali. Mkewe, Mama Paskali, alikuwa kwenye foleni na debe lake, amekuja kutoka Mutuka.

Kwenye kikao cha ushirika waliuliza nani alishika mafuta. Meneja akaninyooshea kidole. Fundi Mkuu akainamisha kichwa. Nikafukuzwa, na huko ndiko kustaafu kwangu. Kisanga alihamishwa, tena kwa cheo kikubwa zaidi.

Ninyi mnaoshika mashine sasa, kazeni msingi, na mwendo mbaya uvukeni. Zaidi ya hapo sina la kuwafundisha.

Fundi Elifasi yupo, anaishi Singe. Tukikutana sokoni namwamkia shikamoo, maana kwa umri ni mkubwa wangu. Anaitika marahaba, ananiuliza habari za watoto, ananipa mkono ule ule wa kulia aliofutia unga. Naupokea. Nikifika nyumbani nanawa.