Jina Nililoomba Liandikwe kwa Herufi Kubwa

Tafadhali mufiche jina yangu, na majina mengine humu nimeyabadilisha. Mi ni mama wa miaka arobaini na saba, wa hapa Kolwezi, masomo niliachia sekondari ya pili. Naimba kwaya ya bamama kanisani. Kazini niko kwenye biro, ofisi ya malalamiko, ya kampuni moja ya shaba: mfanyakazi akionewa anakuja kwangu, naandika, dosie, yaani faili, inapanda kwa bakubwa.

Mwaka jana tuliletewa programu ya ordinatere, kompyuta, ya kuchunga zile dosie. Binti mwenye kuitengeneza alitoka Lubumbashi, akakaa pembeni yangu siku tatu akiangalia namna ninavyofanya. Akaniuliza ni nini kinanichosha. Nikamwambia ni kutafuta mtu. Kwetu mwanamke akishazaa, anaitwa kwa jina la mtoto, jina lake la karatasi hakuna anayelikumbuka. Anakuja anasema ni yeye Mama Plamedi, kumbe nimemwandika Kabedi, nafungua dosie kumi mbele ya kumpata. Basi nikaomba atie nafasi ya jina la kuitwa, juu kabisa, kwa herufi kubwa, macho yangu yaone bila miwani. Akacheka: “Mama, weye njo ulipaswa kuwa enjenieri.” Akaitia. Nilijisifu, sifichi. Hata nyumbani nilisimulia.

Sasa Mama Plamedi ni rafiki yangu wa kwaya, anafagia mabiro yetu hapa mtaa wa Manika. Siku moja alikuja kwangu kulalamika: shefu wake, mkubwa wa kazi, anamtaka kile mume peke yake anaweza kutaka. Nikaandika. Dosie kama hizo ni za siri, programu yenyewe inaficha jina na kuweka namba. Shefu akaitwa kujibu, bakubwa wakafungua dosie mbele yake. Jina la karatasi lilikuwa limefichwa. Jina la kuitwa, ile nafasi yangu, mi na yule binti hatukufikiria kuificha. Lilikuwa pale juu, herufi kubwa, akalisoma.

Juma lililofuata rafiki yangu akahamishwa Musonoi, mgodini, kufagia pembeni ya shimo, vumbi tupu, naye ni mgonjwa wa pumu. Nilipofungua dosie yake nikaona kosa, nikampigia yule binti simu. Alilirekebisha siku ile ile. Sasa hakuna alama, hakuna anayejua ila mi na yule binti.

Lakini rafiki yangu ameshaamua mwenye kumtaja ni Mama Glodi, mwenzake wa kufagia, kwa sababu ni yeye peke yake, mbali na mi, alimweleza. Hawasalimiani tena. Mama Glodi anapita mbele ya biro yangu kichwa chini, na mi nafungua droo, nafunga, nafungua tena.

Jumapili nyuma ya misa rafiki yangu alinishika mkono, akaniambia polepole: “Dada, weye Mungu anakusikiaka. Omba atuonyeshe ule mutu alinitaja.”

Nikaitika Amina.

Jumatano tunafunga na kuomba kwake nyumbani, na ni mi nimepewa kuongoza. Nikisema, naweza kumpoteza, na pengine kazi pia. Nikinyamaza, Mama Glodi anabeba mzigo wangu. Bandugu, munipe shauri: nimwambie mbele ya Jumatano, ao ningoje tupige magoti, mikono yake ikiwa ndani ya yangu, nimjibie maombi yake mi mwenyewe?