Chupa Chini ya Kitanda

Nesi wa mapokezi alikuja kunitafuta chumba cha chai. Alisema kuna mzee kwenye benchi anashikilia ubavu, na kila akiulizwa kwa Kiganda anajibu kwa Kiswahili. Wenzangu wote walijua kwamba nilikulia kwenye kambi ya polisi, baba akiwa mtu wa kaskazini na mama mtu wa mashariki, na kwamba nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichotuwezesha kusikilizana. Walikuwa wakinitania kwamba nikiongea lugha hiyo ni kama naamrisha gwaride. Niliacha kikombe mezani nikaenda.

Nilikuwa bado daktari mwanafunzi, kwenye mwaka ule wa mazoezi ambao unaitwa daktari lakini moyoni hujaamini. Mrija wa kifua, ule wa kutolea hewa iliyonaswa ndani, nilikuwa nimeshauweka mara chache, kila mara daktari bingwa akiwa amesimama nyuma yangu, karibu kiasi cha kusikia anavyopumua.

Mzee alikuwa mrefu, mwembamba, amekaa wima kama yuko kwenye ukaguzi. Mkewe, aliyekuwa ameketi naye, ndiye aliyenieleza mengi. Mumewe alistaafu polisi, sasa analinda stoo ya jumla kule sokoni Kikuubo. Juzi aliteleza kwenye ngazi za stoo alipokuwa akiwapisha wachukuzi wenye marobota ya vitenge, akagonga ubavu wa kulia kwenye ukingo wa ngazi. Alinunua dawa ya maumivu, akajifunga kitambaa kifuani, akarudi kulinda. Lakini tangu asubuhi ya leo alikuwa anaongea vipande vipande.

“Mimi iko mzima, daktari,” mzee aliniambia. “Hii kifua tu inakataa kupanua.”

Nilimpandisha kitandani nikamsikiliza. Upande wa kushoto pumzi ilisikika vizuri. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Nilidhani kifaa changu kimeziba, nikakitoa masikioni, nikakipuliza, nikasikiliza tena. Kimya. Nilipogonga kifua kwa vidole kikalia kama jerikeni tupu. Wakati huo wote yeye alikuwa ananieleza vituo alivyofanyia kazi. Alikuwa amenitambua, au tuseme alikuwa ameitambua kambi yetu nilipoitaja, na akataka nijue kwamba aliwahi kulala pale wiki kadhaa kabla hawajamhamisha.

Niligeuka kumwambia nesi tuombe picha ya eksirei. Nyuma yangu sauti ikakatika katikati ya sentensi.

Nilipomtazama, mdomo ulikuwa wazi na maneno hayatoki. Mishipa ya shingo ilikuwa imevimba kama kamba. Koo lilikuwa limesukumwa upande wa kushoto, naliona kwa macho yangu. Mkewe alimwita mara moja kwa jina, kisha akanikazia macho mimi.

Jambo lile nilikuwa nimelisoma mara nyingi. Ubavu uliovunjika umetoboa pafu, hewa inavuja ndani ya kifua na haina pa kutokea, inalibana pafu, halafu inaubana moyo. Nilijua hata ukurasa ulivyopangwa. Lakini kitabu hakikuniambia kwamba mtu atakuwa anakusimulia habari za uhamisho wake, na kwamba utakuwa unamsikiliza nusu nusu huku ukiwaza chai yako inapoa.

Nesi alikimbilia simu. Daktari bingwa alikuwa chumba cha upasuaji, mikono yake imo tumboni mwa mtu. Jibu lililorudi lilikuwa fupi: niweke sindano sasa hivi, halafu mrija, nisimsubiri.

Nilichomeka sindano nene juu ya kifua, chini ya mtulinga. Hewa ikatoka kwa mlio, kama mtu anapobonyeza valvu ya baiskeli. Mlio uliendelea, na mimi nilisimama pale nikiwa nimeduwaa kwamba kitu kidogo vile kinatosha. Rangi ikaanza kurudi midomoni mwake. Macho yakanitafuta, yakaniona.

Sindano ile ingenipa muda tu, haikuwa tiba. Nesi alikuwa ameshafungua vifaa. Tuliuinua mkono wa mzee juu ya kichwa, nikahesabu mbavu kwa kidole, nikasafisha kwa iodini, nikachoma ganzi. Nilikata ngozi chini ya kwapa, nikaingiza koleo juu ya ubavu, si chini yake, kwa sababu chini ya kila ubavu kuna mishipa ya damu. Nilitanua nyama, nikasukuma. Kifua cha binadamu ni kigumu kuliko unavyodhani. Unasukuma kwa nguvu ambazo mahali pengine popote zingekuwa ni kumdhuru mtu. Kisha kitu kinaachia ghafla, na ukubali usikubali umeshaingia ndani.

“Umefika wapi?” mzee aliuliza, macho yake darini.

Nilimwambia nimefika mlangoni. Niliingiza kidole kuhakikisha njia iko wazi, na hapo ndipo pafu lake liliponigusa. Lilikuja likagonga ncha ya kidole changu, laini, la moto, likarudi, likaja tena. Nilikuwa sijawahi kuguswa hivyo na kitu chochote. Nusura nivute mkono.

Nilipitisha mrija, nesi akauunganisha na chupa yenye maji iliyokuwa sakafuni, na maji yakaanza kutoa mapovu. Nilishona, nikafunga bandeji. Mzee alivuta pumzi moja ndefu, akaitoa, kisha akaendelea pale pale alipokuwa ameachia.

“Basi wakanihamisha Arua,” akasema.

Nilikwenda kwenye sinki. Glovu zilikataa kutoka, nikasimama na maji yanatiririka mpaka nesi akaja akanivua yeye mwenyewe, kama anamvua mtoto.

Tulimlaza wodini. Eksirei ilionyesha mrija umekaa mahali pake na pafu linaanza kufunguka. Nilimweleza mkewe kila kitu kwa Kiswahili, mzee akisikiliza. Chupa ikae chini ya kitanda siku zote, isiinuliwe juu ya kifua. Mrija usikunjike. Maji yaliyomo ni kama mlango unaofunguka upande mmoja: yanaruhusu hewa kutoka lakini hayairuhusu kurudi. Asikae amejikunja kwa maumivu, akohoe, atembee, apumue kwa nguvu. Nilimpa glovu mpya aipulize kama puto mara nyingi kwa siku. Aliipuliza kwa uzito wote wa kazi ya serikali, na wagonjwa wa vitanda vya jirani wakawa wanamhesabia vidole vya glovu vinavyosimama.

Mapovu yalipungua. Yakawa yanakuja akikohoa tu. Nilikuwa nimeanza kulala vizuri.

Siku moja asubuhi niliingia wodini nikakuta kitanda chake hakina chupa. Nilitazama chini, nikainama nikatazama tena. Kisha nikauona mrija. Ncha yake ilikuwa imelazwa juu ya shuka, wazi, imekunjiwa kitambaa safi kama mtu anavyofunika chakula. Mzee alikuwa amekaa wima, anapumua harakaharaka, mikono kwenye magoti. Mkewe hakuwepo.

Nikaubana mrija kwa vidole, nikamwita nesi. Sijui niliita kwa lugha gani. Alifika na chupa nyingine na maji safi, tukasafisha ncha ya mrija, tukaunganisha, nikamwambia mzee akohoe. Mapovu yakatoka mengi, makubwa, kama siku ya kwanza. Akakohoa tena. Pumzi ikaanza kutulia, ya kwake. Yangu bado.

Ndipo alipoingia mama mmoja mzee, mkubwa kuliko mgonjwa wangu, amejifunga shuka begani. Alikuwa amebeba chupa yetu kwa mikono miwili. Ilikuwa inang’aa. Ilinukia sabuni.

“Nimeiosha vizuri,” aliniambia, akitabasamu. “Ilikuwa chafu sana. Damu imekaa humo.”

Alikuwa dada yake. Alikuwa ameshuka kwenye basi la kutoka kaskazini alfajiri ile, akampumzisha mke aende nyumbani kuoga, na jambo la kwanza aliloliona ni uchafu chini ya kitanda cha ndugu yake. Kiswahili alikijua kwa sababu marehemu mumewe alikuwa mwanajeshi. Nilitaka kumfokea. Nilibaki namtazama yeye na ile chupa.

Nesi ndiye aliyemweleza, polepole, hewa ingeweza kumfanya nini ndugu yake. Yule mama aliiweka chupa chini taratibu. Kisha yeye mwenyewe akakaa sakafuni, miguu imenyooka mbele, akafunika uso kwa shuka.

Nilimgeukia mzee. Alikuwa amenisikiliza siku ile nilipomweleza mkewe, alikuwa akiwafafanulia hata wagonjwa wenzake. Nilimuuliza kwa nini hakumzuia.

“Ni dada yangu mkubwa,” akasema. “Yeye ndiye alinilea. Ningemwambia nini?”

Nilidhani anatania, lakini uso wake haukuwa na utani. Alikuwa ametazama ncha ya mrija wake ikifungwa kitambaa, amehisi pumzi inapungua, na akanyamaza, mtu aliyeamrisha askari maisha yake yote. Hilo lilinishtua kuliko mrija uliokuwa wazi, kuliko hata siku ile sauti yake ilipokatika. Nilimsikiliza kifua tena, ingawa nilikuwa nimetoka kumsikiliza.

Eksirei mpya ilionyesha pafu limerudi nyuma kidogo. Ikabidi akae wodini zaidi ya tulivyotarajia. Dada yake hakuondoka. Alitandika mkeka kando ya kitanda, na tangu hapo hakuna aliyeisogelea chupa ile. Mfagizi alikuja kunilalamikia kwamba mama yule hamruhusu kupitisha ufagio, na mimi nilikwenda kumwombea ruhusa.

Mapovu yalikoma, picha ikaonyesha pafu limejaa, daktari bingwa akasema niutoe mrija. Nilimwomba mama atoke nje. Alikataa, akamshika nduguye mkono. Nilimwambia mzee avute pumzi ndefu, aizuie, asipumue mpaka nimwambie. Nilivuta mrija kwa mkupuo mmoja, nesi akakaza uzi, nikabandika bandeji nzito.

“Pumua sasa, mzee,” nikasema.

Mzee alipumua. Dada yake hakupumua. Alikuwa amezuia pumzi pamoja naye, mashavu yamejaa, macho yametoka, na aliendelea kuizuia mpaka nesi alipomgusa bega na kumwambia kwamba hata yeye ameruhusiwa.