Kamera ya Kwenda Nayo Kaskazini

Picha pekee tuliyo nayo ya mama pamoja na sisi wanawe wanne ilipigwa siku tuliyomzika. Mpiga picha alituita jinsi watu wanavyoitwa katika mazishi ya kwetu, kundi baada ya kundi: ndugu za marehemu, wakwe, halafu "watoto wa marehemu, karibieni." Tukasimama nyuma ya jeneza, mimi mkubwa wao nimembeba kitinda mimba. Mwanga wa kamera ukapiga kile kidirisha cha kioo cha jeneza, na pale uso wake ulipokuwa pakatokea doa jeupe. Kitambulisho chake, chenye picha yake, kilikuwa kimesharudishwa kwa chifu. Picha nyingine hakuwahi kupigwa.

Kwa hiyo mwishoni mwa miaka ya tisini, ndugu yangu anayenifuata alipopata kazi na watu wa kuchimba visima, miaka miwili ya kuhama kambi hadi kambi huko kaskazini, nilimwambia hataondoka bila kamera. Sikutaka tubaki tena na doa.

Tulienda Kakamega mjini siku ya Jumamosi. Nilikuwa nimepalilia miwa ya watu wiki nzima, mgongo unaniuma hata nikisimama. Mwenye studio alituwekea kamera mbili mezani. Moja ilikuwa ndogo, nyeusi, ya filamu. Ya pili ilikuwa ya dijitali, ya kwanza kuiona maishani mwangu, aliyoachiwa na mgeni aliyerudi kwao.

"Hii haina filamu, mama," alisema. "Unapiga, unajiona hapa nyuma papo hapo."

Ndugu yangu alikuwa ameshaichagua kwa macho.

"Ikinyeshewa?" niliuliza.

"Itakufa."

"Betri?"

"Nne. Na inazimalizanga haraka."

"Picha zinatokaje mle ndani?"

"Kwa kompyuta. Labda Nairobi. Hapa bado."

Niligeukia ile ndogo. Nikamwambia ndugu yangu afumbe macho, afungue mlango wa nyuma wa kamera, aweke filamu kwa kupapasa, kwa sababu huko mikono yake itakuwa na grisi na hakuna atakayemshikia tochi.

"Dada, unanunua kamera ama ng'ombe?" alisema, lakini akafumba. Mara ya pili filamu ilikaa, ikajivuta yenyewe.

"Sasa nipige na ile nyingine," nikamwambia. Nilitaka tu aridhike asije akaninunia njia nzima.

Alinipiga nikiwa nimeegemea meza, kitambaa kichwani, sijajiandaa. Akaangalia kile kioo kidogo cha nyuma, akakisogeza karibu na macho. Kisha akanipa.

"Dada, huyu si wewe."

Nilitazama. Macho yaliyochoka, shavu limeingia ndani, mdomo umefungwa vile. Alikuwa mama, wiki zake za mwisho kabla hajalala kitandani. Sikujua kwamba nilikuwa nimemfikia.

"Nifute?" mwenye studio aliuliza.

"Ngoja kidogo," ndugu yangu alisema.

Tulingoja. Nilifikiria betri nne nne, mvua, kambi isiyo na umeme, na Nairobi ambako hatukuwa na mtu. Nilifikiria miaka miwili ya picha zilizofungiwa ndani ya kitu kilichokufa. Wadogo zetu wawili walihitaji karatasi ya kushika.

"Tunachukua ya filamu," nikasema.

Mwenye studio akabonyeza, na uso ukaondoka. Ndugu yangu hakunilaumu. Nje ya duka alinisimamisha ukutani akanipiga tena na kamera yetu mpya, picha ya kwanza kabisa. Alinisogeza kushoto, akaniambia niinamishe kichwa kidogo, nisicheke. Nilijua anachotafuta.

Bahasha ilikuja baada ya miezi mingi, vumbi la huko likiwa bado kwenye mikunjo. Mle ndani mlikuwa na picha za ngamia, mtambo wa kuchimbia, na yeye mwenyewe amelowa chini ya maji yanayoruka, mdomo wazi kwa kicheko. Wadogo zetu walinyang'anyana hiyo.

Na mimi nilikuwemo, ukutani, nimekunja uso kwa jua. Mimi tu. Niliigeuza huku na huku karibu na mlango, sikumpata mama.

Nyuma ya picha hiyo ndugu yangu alikuwa ameandika: *Filamu imeisha. Tuma nyingine, tujaribu tena nikirudi.*

Jumamosi iliyofuata nilitoka shambani mapema, nikanawa miguu, nikaenda mjini.